Boti ya familia ichaguliwe kwa bodi, si kwa mashine inayong'aa

Mhariri,

Matangazo ya boti zilizotumika yana mtindo mmoja: urefu kwa futi, jina la mashine, picha ya ubavuni boti ikiwa imeoshwa, halafu "haina tatizo lolote, bei maelewano". Mvuvi hana shida na tangazo la hivyo, maana ataikagua mwenyewe kabla hajatoa shilingi. Lakini baba au mama anayetafuta chombo cha kuwapeleka watoto kisiwa cha Bongoyo au Mbudya siku ya Jumapili haambiwi kitu. Tunaandika sisi tunaoshughulika na boti za faiba hapa Msasani, Dar es Salaam, kwa sababu wanunuzi wa namna hiyo huja na swali lile lile: nimeona boti mbili, bei zinakaribiana, nichukue ipi?

Na boti zenyewe mara nyingi huwa za aina mbili. Ya kwanza ni boti ya ghuba ya Kimarekani, futi 22 hivi, upana futi 8 na nusu, kuta fupi, usukani katikati, sitaha bapa mbele na nyuma alizowekewa mvuvi wa mshipi ili asimame juu akirusha ndoano, na mashine moja kubwa ya fostroki, aghalabu ya nguvu za farasi 115 au 150. Boti hizi ziliundwa kwa ajili ya maji mafupi na matulivu ya pwani za Florida, Louisiana na Texas. Tumbo lake ni bapa kiasi. V ya nyuma huwa na digrii 12 hadi 16, na maji ya sentimita 30 hadi 40 yanatosha kuielesha. Ya pili ni boti ya wazi ya faiba, futi 23, upana futi 7, kuta ndefu, omo (sehemu ya mbele ya boti) iliyoinuka, mabenchi ya kukatisha, turubai la kivuli juu ya mabomba, na mashine mbili za tustroki za 40. Haina mapambo, na rangi yake kwa kawaida imekwisha kupauka. Mnunuzi akizisimamisha bega kwa bega, moyo huenda kwa ile ya kwanza.

Kabla moyo haujaenda, atazame bahari anayokwenda kuitumia. Ghuba ya Msasani imekingwa na rasi upande wa mashariki, na iko wazi upande wa kaskazini. Likizo ya shule ya Juni na Julai huangukia kusi, majira ya upepo wa kusini. Anayeondoka gati la Slipway, hapa Msasani, asubuhi kwenda Bongoyo wakati huo ana upepo mgongoni na rasi inamkinga. Baada ya dakika kama 30 amefika, na kila boti aliyoipanda anaiona nzuri. Kazi iko kwenye kurudi. Alasiri upepo umekaza, boti inaelekea kusini ikiukabili, na mawimbi ni mafupi, yamekaribiana, ya nusu mita au zaidi. Hapo tumbo bapa huacha kukata maji na kuanza kuyapiga. Aliyekaa mbele hulipokea kila pigo kwenye uti wa mgongo, na maji ya chumvi yanaruka juu ya ukuta mfupi kuwafuata waliokaa nyuma. Nahodha akipunguza mwendo ili watu wapumue, boti ya ghuba huinamisha omo na kuzidi kulowesha. Ile boti nyembamba yenye omo ndefu inaweza kwenda mafundo (maili za baharini kwa saa) 10 hadi 12 katika maji hayo hayo bila kuwaumiza watu. Mwendo si mkubwa, lakini watoto wanafika wakiwa wakavu na hawajatapika.

Wakati wa kaskazi, kuanzia Desemba, mambo hugeuka: mawimbi huingia ghubani kutoka nyuma yako unaporudi. Hatari sasa iko tezini, yaani nyuma ya boti, kwenye ukuta unaofungwa mashine. Mashine ya 115 huwa na uzito wa kilo 170 hivi au zaidi, na huko huko nyuma ya boti kuna sitaha, betri na sanduku la samaki. Boti ya aina hii ikiwa na tezi iliyokatwa kwa mashine ya shafti ya inchi 20 badala ya 25, ukuta uliobaki kati ya bahari na watu ni mfupi sana. Nahodha mgeni akishtuka na kupunguza mwendo kwa ghafla, wimbi lake mwenyewe linamfikia na kumwagika ndani. Kwa hiyo pima urefu wa tezi kwa futikamba, toka chini ya mkuku (uti wa chini wa boti) mpaka ukingo unaobeba mashine, kabla hujauliza habari ya redio na taa.

Jaribio la majini basi lifanyike alasiri, si asubuhi, na boti iwe imebeba mzigo. Muuzaji hupenda kukuchukua wewe peke yako saa moja asubuhi, bahari ikiwa shwari na tangi likiwa na lita chache. Kataa kwa upole. Panda na watu wenu sita, au kama hamtaki kuwahatarisha watu, panga madumu 20 ya lita 20 yaliyojaa maji, ambayo ni kilo 400. Simamisha boti, sogeza mzigo wote nyuma, na tazama tundu za kutolea maji sitahani. Kama maji yanaingia kupitia tundu hizo badala ya kutoka, boti hiyo haiwezi familia yako, hata kama tangazo liliandika watu kumi. Kisha uielekeze kwenye upepo kwa mwendo ambao kweli utautumia ukiwa na mtoto wa miaka minne, na wewe mwenyewe ukakae kwenye kiti cha mbele kabisa. Wanunuzi wengi huijaribu boti wakiwa wamesimama usukanini, mahali penye mtikisiko mdogo kuliko pote.

Boti zilizotoka Ulaya huwa na kibao cha CE, alama ya viwango vya kule, chenye herufi inayotaja bahari ambayo boti imeundwa kuikabili. C ni ya upepo hadi nguvu 6 kwa kipimo cha Beaufort na mawimbi hadi mita 2. D ni ya upepo hadi 4 na mawimbi ya sentimita 30, moja moja yafike nusu mita. Hiyo ni ya ziwa dogo na mto, usiitoe nje ya rasi. Za Marekani zina kibao cha uwezo kinachotaja idadi ya watu, uzito na nguvu ya juu ya mashine, lakini sheria ya kule inakilazimisha kwa boti zisizofika futi 20 tu. Kiwango hicho cha futi 20 kinahusu pia povu la kuielesha boti ikijaa maji. Boti ya futi 22 inaweza kuwa nalo au isiwe nalo. Muulize muuzaji, na ufungue kifuniko cha ukaguzi sakafuni utazame kwa macho yako.

Suala la mahali pa kukaa hupuuzwa mno, nasi tunaliona kubwa kuliko nguvu za mashine. Sitaha ya mbele ya boti ya ghuba iko karibu sawa na ukingo wa ukuta, haina reli, na ndipo watoto hukimbilia. Boti ikipiga wimbi, mtoto aliyeketi pale hana cha kushika wala ukuta wa kumzuia, na akidondoka mbele anapita chini ya boti kuelekea pangaboi. Reli inaweza kufungwa, kwa bolti zinazopita mpaka upande wa pili na bamba la kuegemea chini yake. Skrubu za mbao zilizokazwa kwenye faiba pekee hung'oka siku ya kwanza mtu mzito atakapoziegemea. Kwenye boti ya mabenchi watoto hukaa ndani, miguu sakafuni, ukuta ukiwafikia kifuani. Kivuli nacho si anasa. Saa nne za jua la Desemba juu ya faiba nyeupe zinamchosha mtoto vibaya, na boti ya ghuba yenye kipaa kidogo juu ya usukani hufunika watu wawili au watatu tu.

Kuna mahali pamoja ambapo boti ya ghuba inashinda, napo ni kwenye maji mafupi. Siku za bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, hapa Dar es Salaam maji hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa kabisa karibu na saa nne asubuhi, saa ile ile ambayo familia nyingi ndiyo kwanza zinapakia chakula. Boti inayoelea kwenye sentimita 35 inaondoka wakati nyingine bado imelala mchangani. Pia ukuta mfupi na sitaha ya chini humrahisishia mama mzee kupanda akitokea majini, mradi kuna ngazi. Kwenye boti yenye kuta ndefu ngazi ni ya lazima, na vipandio viwili viwe ndani ya maji. Ngazi inayoishia juu ya maji haipandiki kwa mtu aliyechoka kuogelea.

Hata hivyo boti inayohitaji maji kidogo isimdanganye mtu kuhusu kupwelewa. Maji hayashuki kwa kasi moja. Katika saa sita za kupwa, saa ya kwanza hushuka sehemu moja ya kumi na mbili, ya pili sehemu mbili, ya tatu na ya nne sehemu tatu tatu, ya tano mbili, ya sita moja. Siku yenye tofauti ya mita 3.6 kati ya kujaa na kupwa, kila sehemu ni sentimita 30, kwa hiyo katika saa ya tatu peke yake maji yanashuka sentimita 90. Ukiiacha boti kwenye maji ya kiunoni mwanzo wa saa hiyo ukaenda kula samaki, ukirudi imekaa mchangani, iwe ya ghuba au isiwe ya ghuba. Itie nanga mahali ambapo hata maji yakipwa kabisa mita moja na nusu itabaki. Na kamba ihesabiwe kwa maji ya kujaa: mita moja na nusu pamoja na 3.6 ni 5.1, ongeza nusu mita ya urefu wa omo, zidisha kwa tano, unapata mita 28. Boti zilizotumika huuzwa na kamba ya mita 15 na nanga isiyo na mnyororo. Nunua nyingine, yenye mnyororo wa mita tatu mpaka tano, na uitupe kwenye mchanga, mbali na matumbawe. Bongoyo, Mbudya, Pangavini na Fungu Yasini ni maeneo tengefu tangu 1975, na nanga moja inayoburutwa huvunja tumbawe lililochukua miaka mingi kukua.

Sasa tuje kwenye bodi, na hasa ubao wa tezi, kwa sababu hapo ndipo fedha za watu hupotea. Katika boti nyingi za faiba za umri huu, ndani ya tezi kuna plaiwudi iliyofunikwa faiba pande zote mbili. Bolti nne za mashine zinapita katikati yake. Siku fundi alipozitoboa tundu hizo bila kuziziba vizuri kwa gundi ya baharini, maji yalianza kuingia, na plaiwudi ikaanza kuoza taratibu huku gelikoti ya nje ikiendelea kung'aa. Polishi haioneshi kitu. Unachohitaji ni nyundo ndogo ya plastiki na subira. Gonga kuanzia kona ya juu ukishuka, kila baada ya vidole vitatu. Faiba nzima hujibu kwa sauti kavu, fupi. Palipooza sauti inakuwa nzito na imezibwa. Zunguka bolti za chini kwa makini zaidi, kwa kuwa maji hutuama huko. Michirizi ya kutu au ya rangi ya kahawia inayotoka chini ya bolti ni dalili tosha ya kumuomba muuzaji alegeze bolti moja ya chini. Yakitoka maji, au unga wa mbao uliolowa, mazungumzo ya bei yamebadilika.

Kisha inua mashine nusu, ishike chini karibu na pangaboi, uibembeleze juu na chini kwa uzito wa mwili wako. Mwenzako asimame ndani akitazama kona ambako tezi inakutana na kuta na kisima cha mashine. Tezi haitakiwi kupumua. Ikicheza hata milimita chache, au nyufa nyembamba kama unywele zikifunguka na kujifunga, ubao umekwisha. Kuutengeneza ni kuishusha mashine, kukata ngozi moja ya faiba, kukwangua mbao zote mpaka pakavu, kuacha bodi ikauke kabisa, ndipo uwekwe ubao mpya na tabaka mpya za faiba zinazopanda kwenye kuta za pembeni. Fundi anayekuahidi kupaka faiba juu ya ubao mbovu kwa siku mbili anakufungia maji ndani, na mashine ya kilo 170 itaendelea kuning'inia juu yake.

Katika hili boti zetu mbili zinatofautiana. Mashine mbili za 40 za tustroki kwa pamoja zina kilo 150 hivi, zimegawanyika kushoto na kulia. Hiyo moja kubwa inaweka uzito na msukumo wote katikati, na inasukuma kwa nguvu zaidi kila boti inaporuka wimbi. Ndiyo maana boti ya ghuba iliyobadilishiwa mashine kubwa kuliko aliyoandika mwundaji tunaitilia shaka kabla hatujaigonga.

Sakafu ikaguliwe kwa visigino, peku. Tembea kutoka omo hadi tezi ukikanyaga kwa uzito. Panapobonyea, ubao wa chini au taruma (mbavu ya boti) limelowa. Povu lililonyonya maji haliwezi kuonekana, lakini boti huikiri kwa namna inavyokaa: msitari wa uchafu wa majini ubavuni ukiwa juu sana ya rangi ya chini, au tezi ikiwa imezama kuliko omo bila mtu ndani, kuna uzito uliofichwa. Fungua ngama, sehemu ya chini ya sakafu ambako maji hujikusanya, uikaushe, irudishe boti majini kwa muda wa saa mbili, utazame tena.

Tangi la mafuta la boti ya ghuba huwa la alumini, limefukiwa chini ya sakafu, mara nyingine likiwa limezungukwa na povu. Chumvi na unyevu vikikaa kati ya povu na alumini huitoboa kutoka nje, na kulibadilisha tangi ni kukata sakafu. Harufu ya petroli ndani ya ngama asubuhi, kabla mashine haijawashwa, inatosha kukufanya uondoke. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutulia chini, na cheche moja ya pampu ya ngama inamaliza kila kitu. Boti ya wazi hutumia matangi ya kuhamishika ya lita 24 au 25 unayoyaona, unayoyatoa na kuyaosha. Sura yake haivutii, ila kwa familia tunayapenda zaidi.

Kuhusu mashine tutasema machache, maana mafundi wake ni wengi na kila mnunuzi huanzia hapo. Fika bila kutoa taarifa ya saa kamili, na uiguse kabla haijawashwa. Ikiwa ya moto, mtu ameiamsha kabla yako kwa sababu inawaka kwa taabu ikiwa baridi, rudi kesho. Legeza skrubu ya chini ya giabox na uache oili itone kwenye kikombe. Ikiwa ya rangi ya chai ya maziwa, sili zimekwisha na maji yameingia. Chembe za chuma kwenye sumaku ya skrubu ni habari mbaya zaidi. Pima kompresheni (mgandamizo wa hewa) ya kila silinda, plagi zote zikiwa nje: namba yenyewe hutofautiana kwa aina ya mashine, lakini tofauti kati ya silinda na silinda isizidi asilimia 10. Mchirizi wa maji ya kupoza utoke kwa nguvu hata mashine ikiwa sailensa, yaani inanguruma bila kuongezewa mafuta. Mashine za hapa hufyonza mchanga kila maji yanapokuwa mafupi, na mchanga unakula impela, kipangaboi cha mpira ndani ya pampu ya maji hayo. Ibadilishe siku unayonunua, bila kujadili, kisha kila mwaka. Majini, boti ikiwa na mzigo, fungua mpaka mwisho: fostroki nyingi za 115 zinatakiwa kufika kati ya mizunguko 5,000 na 6,000 kwa dakika, na 40 ya tustroki inayofahamika sana hapa kwetu kati ya 4,500 na 5,500. Isipofika, ama pangaboi ni kubwa kwa mzigo huo, ama mashine imechoka, na kompresheni uliyokwisha kupima itakuambia ni lipi.

Kuna wanaosema mashine mbili ni usalama mara mbili. Ni kweli kama kila moja ina tangi lake, bomba lake na chujio lake. Zikinyonya kutoka tangi moja, petroli yenye maji huzizima zote ndani ya dakika moja. Mwenye mashine moja ya fostroki afunge chujio la kutenganisha maji, la mikroni 10, kwa sababu injekta hazivumilii mafuta ya madumu, na abebe kimashine cha akiba cha 6 au 8, kinachoweza kuirudisha boti ya futi 22 polepole. Kwa ulaji wa mafuta fostroki inashinda wazi. Ikifunguliwa yote, mashine ya petroli hula karibu lita 38 kwa saa kwa kila nguvu 100, hivyo 115 itakula kama 44; ukiirudisha kwenye mwendo wa safari hushuka mpaka nusu au chini yake. Tustroki za kabureta hazishuki kiasi hicho, na juu yake kuna oili, lita moja kwa kila lita 50 za petroli. Faida yake iko kwingine: fundi wa Kunduchi au Feri anaifungua mchangani kwa spana chache na vipuri anavijua kwa jina, wakati fostroki yenye kompyuta inamsubiri mwenye waya wa kuisoma. Kwa vyovyote, theluthi ya mafuta ni ya kwenda, theluthi ya kurudi, na theluthi haiguswi.

Rai yetu, kwa familia ya watu sita yenye watoto wadogo, inayoondokea Msasani au Kunduchi, ni boti ya pili, ile iliyopauka, hata kama moja ya mashine zake mbili imechoka. Mashine hushushwa asubuhi na nyingine ikafungwa jioni. Kuta ndefu, omo inayopanda wimbi na mahali pa kukaa ndani haviwezi kufungwa kwa bolti. Boti ya ghuba tungemshauri mtu anayekaa ndani ya maji yaliyofungwa, kama ghuba ya Tanga au ya Mikindani, anayevua kwa mshipi pembezoni mwa mikoko na kubeba watu wazima watatu au wanne. Huko inafanya kazi iliyoundwa kuifanya, na kwa uzuri. Lakini tezi ikiwa imeoza, hukumu hiyo haina maana kwa boti yoyote kati ya hizo mbili; mwache muuzaji na boti yake, uendelee kutafuta.

Karatasi zikaguliwe kabla ya malipo ya kwanza, siyo baada yake. Boti ya Kimarekani ina namba ya bodi yenye herufi na tarakimu 12 kwenye kona ya juu ya tezi, upande wa kulia ukitazama mbele; tarakimu mbili za mwisho ni mwaka wa modeli. Tangazo linaposema 2016 na namba inaishia 07, umeokoa fedha nyingi kwa kuinama tu. Linganisha namba hiyo, na ile ya mashine iliyo kwenye bano la tezi, na hati ya forodha na cheti cha usajili cha TASAC (Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania), au cha Mamlaka ya Usafiri Baharini kama boti iko Zanzibar. Namba ya mashine iliyokwanguliwa haina maelezo yanayokubalika.

Na katika bei yenyewe tenga fungu la jaketi okozi mapema, kwa sababu zile zinazokuja na boti huwa za watu wazima, zimelaliwa na panya, povu limevunjika. Za watoto huchaguliwa kwa kilo za mtoto. Mvalishe, funga mkanda unaopita katikati ya miguu, kisha muinue kwa mabega ya jaketi. Ikimpita kidevu, ni kubwa mno. Nahodha naye afunge kiunoni ile kamba ya kuzimia mashine kila mara. Kwenye boti zilizotumika kamba hiyo aghalabu imepotea na swichi imekazwa kwa waya, nayo ni hitilafu ya dakika tano ambayo muuzaji anaweza kuirekebisha mbele yako.

Ombi letu kwako, Mhariri, ni dogo. Dawati la matangazo lidai mambo sita kwa kila boti inayouzwa kwenye kurasa zenu: namba ya bodi, upana, urefu wa tezi, idadi ya watu na nguvu ya mashine zilizoandikwa na mwundaji, mwaka ubao wa tezi ulipofunguliwa mara ya mwisho kama uliwahi kufunguliwa, na picha ya tezi kwa ndani, mashine ikiwa imeinuliwa. Muuzaji mwenye boti nzima ataipiga picha hiyo kwa simu yake ndani ya dakika moja.

Mafundi wa boti,
Msasani, Dar es Salaam